Ibn al-Nafis: Mwanachuoni wa Kishafii Aliyeijua Njia ya Damu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Kila mwaka, siku ya Idi ya kuchinja, nyua za Kibokoni hujaa mbuzi, na watoto wetu hupata darasa isiyokuwa na mwalimu. Mnyama akishapasuliwa, maini na moyo hutiwa katika sinia, na moyo hupasuliwa kwa kisu ili uoshwe damu. Mwenye kuutazama kwa makini ataona kuwa una vyumba viwili vikubwa, kimoja cha kuume na kimoja cha kushoto, na baina yao pana ukuta wa nyama, mnene, usiokuwa na tundu. Kisha moyo huoshwa, ukatiwa chunguni, na khabari yake hukoma hapo.

Ukuta huo una kisa kikubwa. Kwa muda wa miaka elfu na zaidi, matabibu wa Kiyunani, wa Kikristo, wa Kiyahudi na wa Kiislamu waliamini kuwa una matundu, na kuwa damu hupenya humo kutoka kuume kwenda kushoto. Waliamini hivyo kwa kuwa mkubwa wao alisema hivyo. Mtu wa kwanza tumjuaye aliyeandika kuwa ukuta huo hauna tundu lolote, akaionyesha njia ya kweli ipitayo damu, hakuwa Mzungu wala hakuwa mtu wa zama hizi. Alikuwa Mwislamu mcha Mungu, na mwanachuoni wa sharia katika madhehebu yetu haya haya ya Imam Shafii. Tumeona ni wajibu wetu kuyaeleza maisha yake. Hatutaki kujifakhirisha kwa marehemu. Twataka kujihesabu nafsi zetu.

Jina lake ni Alaud-Din Ali bin Abil-Hazm al-Qarshi, na watu humwita Ibn al-Nafis. Alizaliwa karibu na mwaka 607 wa Hijra, sawa na 1210 wa Miladi, katika nchi ya Damascus. Alijifunza utabibu katika hospitali iliyojengwa na Sultani Nurud-Din mjini humo, kwa mwalimu mkubwa wa zama zile, Muhadhdhabud-Din al-Dakhwar. Hospitali ile haikuwa mahali pa kulaza wagonjwa tu. Ilikuwa ni madrasa pia, na vitabu vya utabibu vikisomeshwa humo humo walimolazwa wagonjwa.

Zama zake zilikuwa zama za Imam Nawawi, yule ambaye Minhaj yake husomwa katika darasa zetu, na Arubaini yake huhifadhiwa na watoto wa madrasa. Imam Nawawi alitoka Nawa, kusini ya Damascus, akafa mwaka 676 wa Hijra. Wote wawili waliandika juu ya kitabu kimoja cha fiqhi, nacho ni Tanbih cha Sheikh Abu Ishaq al-Shirazi. Basi msomaji asimdhanie Ibn al-Nafis kuwa ni tabibu aliyejipaka dini kwa juu juu. Alisomesha fiqhi katika madrasa ya Masruriyya mjini Cairo, akaandika juu ya misingi ya ilimu ya Hadithi na juu ya sira ya Mtume (s.a.w.). Imam Tajud-Din al-Subki, alipokusanya maisha ya maulamaa wa Kishafii, alimtia na yeye katika safu yao.

Alihamia Misri, na huko akapanda daraja mpaka akawa mkuu wa matabibu wa nchi nzima, na tabibu wa Sultani Baybars. Zama hizo hazikuwa za raha. Mwaka 1258 Wamongoli waliingia Baghdad wakamuua Khalifa, na vitabu vingi vikaangamia. Mwaka 1260 jeshi la Misri likawazuia huko Ain Jalut. Katikati ya misukosuko hiyo, mtu huyu alikuwa akisomesha, akitibu na kuandika. Hakungoja dunia itulie ndipo afungue kitabu.

Sasa tuje katika khabari ya moyo.

Katika karne ya pili ya Miladi, tabibu wa Kiyunani aitwaye Galen alifundisha kuwa damu hutengenezwa katika ini kutokana na chakula, ikaenea mwilini kwa mishipa, na sehemu yake ikaingia chumba cha kuume cha moyo. Kutoka hapo, alisema, sehemu ya damu hupenya katika ule ukuta wa kati kwa vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa jicho, ikafika chumba cha kushoto, na huko ikachanganyika na hewa. Akaja Ibn Sina, aliyekufa mwaka 428 wa Hijra, akatunga kitabu chake kikubwa, Qanun, na katika jambo hili akafuata njia ya wakale. Qanun kikawa ndicho kitabu cha matabibu wote, Mashariki na Magharibi. Nani angethubutu kusema kuwa Galen na Ibn Sina wamekosea?

Ibn al-Nafis aliandika sherehe ya milango ya Qanun inayoeleza viungo vya mwili. Nakala kongwe ya sherehe hiyo ina tarehe ya mwaka 640 wa Hijra, sawa na 1242, wakati ambapo mwenyewe alikuwa na umri wa miaka thalathini na kitu. Katika dibaji yake alisema kuwa sharia, na huruma iliyomo katika tabia yake, vimemzuia kupasua miili. Kwa hivyo katika sura za viungo atawategemea waliotangulia, na khasa Galen, isipokuwa katika mambo machache ambayo huenda yakawa makosa ya wanakili, au huenda Galen hakuyatazama vya kutosha. Ama katika kazi za viungo, alisema hatategemea illa uchunguzi wa kweli, na hatajali kama utaafikiana na kauli za wakale au utazipinga.

Tutazame adabu ya mtu huyu. Hakumtukana Galen, wala hakumfanyia mzaha Ibn Sina. Aliwatafutia udhuru kwanza, kisha akasema haki.

Na haki aliyoisema ni hii. Ukuta ulio baina ya vyumba viwili vya moyo ni mnene, hauna tundu lionekanalo wala lisiloonekana. Damu ya chumba cha kuume haina budi kufika chumba cha kushoto, na hapo hapana mlango. Basi njia yake ni kutoka chumba cha kuume kwa mshipa mkubwa uendao mapafuni. Ikifika huko hutawanyika, ikachanganyika na hewa, kisha ikakusanywa na mishipa mingine ikarudi moyoni katika chumba cha kushoto. Akaongeza kuwa baina ya mishipa iendayo na mishipa irudiyo katika mapafu kuna vipenyo vidogo. Ilipata miaka 400 na zaidi mpaka Mwitaliano Marcello Malpighi, mwaka 1661, akaiona kwa darubini mishipa myembamba inayounganisha pande hizo mbili.

Ilimu ya leo imemsadiki katika jambo hili kubwa, ikaongeza mengi. Juu ya vyumba viwili vikubwa kuna viwili vidogo vinavyopokea damu, na kila njia ina vilango vinavyofunguka upande mmoja tu ili damu isirudi nyuma. Mishipa miwili mikubwa hurudisha moyoni damu iliyozunguka mwilini, mmoja kutoka juu na mmoja kutoka chini. Mshipa wa mapafu huipeleka kupata hewa. Ikisharudi katika chumba cha kushoto, husukumwa kwa nguvu katika mshipa mkuu kuliko yote, ambao huigawanya kichwani, mikononi, tumboni na miguuni. Kwa sababu hiyo nyama ya upande wa kushoto ni nene kuliko ya upande wa kuume, na hili pia huonekana katika sinia ya Idi. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga kiasi cha mara 70 kwa dakika, yaani mara 100,000 hivi kwa siku, ukisukuma kiasi cha lita 5 kila dakika. Kwa mchana na usiku hizo ni lita 7,200. Tukizipima kwa mitungi ya lita 20 ichukuliwayo na mikokoteni ya maji katika vichochoro vyetu, ni mitungi 360, na kazi hiyo hufanywa na pande la nyama lenye ukubwa wa ngumi, bila ya sisi kuliamrisha.

Uadilifu watutaka tuseme pia mipaka yake. Ibn al-Nafis hakuujua mzunguko wote wa damu katika mwili mzima. Hilo lilibainishwa na Mwingereza William Harvey, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1628. Tena Ibn al-Nafis alibaki na fikira ya wakale kuwa katika chumba cha kushoto hewa na damu hufanya roho ienezayo uhai. Mtu kukosea katika jambo hakumwondolei haki yake katika jambo jingine. Kanuni hiyo yeye mwenyewe aliitumia kwa Galen, basi na sisi twaitumia kwake.

Alisema jambo la pili ambalo latuhusu zaidi hapa mjini. Ibn Sina alidhani kuwa moyo hupata chakula chake kutokana na damu iliyomo katika chumba cha kuume. Ibn al-Nafis alikataa. Alisema moyo hulishwa na damu ipitayo katika mishipa iliyoenea ndani ya nyama ya moyo wenyewe. Na kweli ndivyo. Mishipa hiyo huchipuka katika shina la mshipa mkuu na kuuzunguka moyo. Ikibana kwa mafuta yaliyoganda, na mmoja wao ukazibika kwa damu iliyogandamana, nyama ya moyo hukosa hewa na chakula, ikaanza kufa katika muda mchache. Tumbaku, shinikizo la damu lisilotibiwa, maradhi ya sukari na uvivu wa mwili huuharakisha ubaya huo.

Ni wangapi katika jamaa zetu tuliowaona wakibanwa na kifua, maumivu yakienda begani na mkono wa kushoto, jasho baridi likiwatoka, na waliokuwako wakasema ni husuda au ni shetani? Hutumwa mtu kwenda kutafuta kombe, mwengine akaambiwa alete ubani, na saa moja ikapita, kisha ya pili. Sisi hatuikatazi dua, kwani dua ni ibada, na mgonjwa huombewa popote alipo, hata akiwa garini njiani. Tunalolikataza ni kuifanya dua kisingizio cha kuchelewa. Ambaye hufikiri kuwa kumkimbiza mgonjwa hospitali ni upungufu wa imani, na amtazame mwanachuoni huyu wa fiqhi na Hadithi, aliyetumia umri wake kutazama mishipa ya moyo.

Tusidhani kuwa ilimu hiyo ilimpunguzia dini. Wamesimulia waliomwandika kuwa siku moja alikuwa hamamu akioga, akatoka kabla ya kumaliza, akaitisha wino na karatasi, akaandika risala nzima juu ya mapigo ya mshipa, kisha akarudi kumaliza kuoga. Walisimulia pia kuwa alipotaka kuandika alichongewa kalamu nyingi kwa mara moja, akauelekea ukuta na kuandika kutoka kichwani mwake bila ya kurejea kitabu. Kalamu ikifubaa aliitupa akashika nyingine, ili asipoteze wakati kuichonga. Alikusudia kutunga kitabu cha utabibu cha majuzuu 300, akikiita Shamil, na majuzuu 80 aliwahi kuyaandika kwa usafi. Hakuoa. Nyumba yake mjini Cairo ilikuwa mahali pa kukutana maulamaa na matabibu.

Alipougua ugonjwa wa mwisho, matabibu wenziwe walimwelekeza anywe tembo la zabibu kuwa ni dawa. Akakataa. Alisema hataki kukutana na Mola wake hali ya kuwa ndani ya tumbo lake mna kitu cha ulevi. Alifariki katika mwezi wa Dhul-Qaada mwaka 687 wa Hijra, sawa na 1288. Kabla ya kufa aliiweka wakfu nyumba yake pamoja na vitabu vyake kwa hospitali ya Mansuri, iliyojengwa na Sultani Qalawun miaka michache kabla. Mwanachuoni huyu hakuwa na mtoto wa kumrithi, akawarithisha wanafunzi na wagonjwa.

Hospitali hiyo si ngeni kwa khabari za pwani yetu. Msafiri Ibn Battuta aliiona alipopita Cairo mwaka 1326, akastaajabu kwa uzuri wake. Miaka mitano baadaye, mwaka 1331, msafiri huyo huyo alifika hapa Mombasa, akaandika kuwa watu wake ni wa madhehebu ya Shafii, wacha Mungu, na misikiti yao imejengwa kwa mbao kwa ustadi. Bahari na Hija zilikuwa zimekwisha kuwaunganisha wazee wetu na nchi ile. Ilimu ya Cairo haikuwa mbali nasi kama tunavyoidhania.

Baada ya kufa kwake likatokea jambo la kusikitisha. Alikuwa ameandika mukhtasari wa Qanun uitwao Mujaz, mwepesi wa kuhifadhi. Huo ndio uliopendwa. Ulinakiliwa, ukashereheshwa, na sherehe zikaandikiwa hashia. Ama ile sherehe ya viungo, iliyokuwa na ugunduzi wake mkubwa, walioitaja ni wachache, na wengi waliendelea kusoma kuwa ukuta una matundu. Mtu aliyekataa kufuata bila ya kuchunguza alifanywa na yeye ni wa kufuatwa bila ya kuchunguzwa.

Ulaya nako watu walianza kuiona njia ile ile. Mhispania Michael Servetus aliiandika mwaka 1553, akachomwa moto mwaka huo huo mjini Geneva kwa itikadi zake. Mwitaliano Realdo Colombo aliieleza mwaka 1559. Harvey alipochapisha kitabu chake mwaka 1628, ngome ya Wareno hapa kisiwani, iliyoanzwa kujengwa mwaka 1593, ilikuwa imekwisha simama miaka mingi. Wako katika ndugu zetu wasemao kuwa Wazungu waliiba. Dai lataka ushahidi. Kitabu kimoja cha Ibn al-Nafis kilifasiriwa kwa Kilatini na Andrea Alpago, kikachapishwa Venice mwaka 1547, lakini sehemu iliyochapishwa ilihusu dawa, haikuhusu moyo. Kumshitaki mtu wizi bila ya bayana ni dhuluma, hata kama mshitakiwa si Mwislamu. Na lau tungethibitisha kuwa waliichukua, lingebaki suali: sisi tulioachiwa nyumbani tulifanya nini?

Jawabu lake lilipatikana mwaka 1924. Kijana wa Kimisri, Daktari Muhyid-Din al-Tatawi, aliyekuwa akisoma Ujerumani katika Chuo Kikuu cha Freiburg, aliisoma nakala ya sherehe ile katika maktaba ya Berlin, akafahamu kilichomo, akaandika risala yake ya shahada. Kisha Daktari Max Meyerhof, Mjerumani aliyekaa Cairo akitibu macho, akaieneza khabari hiyo kwa wanazuoni wa dunia. Miaka 682 ilikuwa imepita baina ya mwaka 1242 na mwaka huo. Mali yetu ilikuwa imehifadhiwa katika kabati la watu wengine, na aliyeiona ni kijana aliyefungua kitabu akakisoma mwenyewe.

Hapa ndipo tunapotaka kufika, enyi ndugu zetu. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipotoa hapa Mombasa karatasi yake ya Sahifa mwaka 1930, kisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, aliwataka Waislamu washike dini yao kwa ilimu, na wasiziache ilimu za dunia kwa wengine. Maisha ya Ibn al-Nafis ni ushahidi wa wito huo. Na yana mafunzo kwa pande mbili.

Upande wa kwanza ni wale wanaodhani kuwa kumheshimu mwanachuoni ni kutomuuliza. Mtu huyu alimheshimu Ibn Sina kuliko wengi wetu, kwani alikitumikia kitabu chake kwa miaka mingi. Heshima hiyo ndiyo iliyomfanya akisome neno kwa neno, na kukisoma neno kwa neno ndiko kulikomwonyesha kosa. Upande wa pili ni vijana wetu, ambao wakishasikia maneno mawili barazani husimama kuwasahihisha masheikh wa miaka mia saba. Ibn al-Nafis hakumkatalia Galen illa baada ya kumsoma Galen. Anayetaka haki ya kukhalifu na atangulize taabu ya kusoma.

Na jambo la mwisho ni la vitabu. Katika nyumba za Mji wa Kale yamo masanduku yaliyofungwa tangu kufa kwa babu, ndani yake mna karatasi za khati za mkono, za fiqhi, za mashairi, za falaki na za dawa. Mchwa hausubiri warithi wasikilizane. Tufungue masanduku hayo, tujue kilichomo, tuvikabidhi vitabu mahali patakapotunzwa na kusomwa, na wenye uwezo waviweke wakfu kama alivyofanya tabibu huyu. Na Idi ijayo, moyo ukitolewa katika sinia, tuwaite watoto wetu kabla haujatiwa chunguni. Tuwaonyeshe ule ukuta, waupapase kwa vidole vyao, tuwaambie jina la aliyekataa kuwa una tundu. Kisha tuwakumbushe ile Hadithi ya pande la nyama waliyoihifadhi katika Arubaini, ili wajue kuwa moyo huu una utabibu wa aina mbili, na kuwa Waislamu waliotangulia hawakuuacha hata mmoja.

Mwenyezi Mungu amrehemu Ibn al-Nafis, awarehemu maulamaa wetu na wazee wetu, na atupe sisi ilimu yenye manufaa na nyoyo zilizo salama. Amin.